TANGO: DANSI ILIYOZALIWA KATIKA LUPANGO LA WAGENI



Kila mara ukurasa huu unapogusa habari ya dansi, nyumba zinagawanyika mara mbili. Wazee wanasema: «Dansi za leo ni haya tupu. Zile za zamani njo zilikuwa na heshima.» Vijana wanajibu: «Papa, hata ile yenu, bakubwa balikuwa banaikataza!» Kusema kweli, kila upande uko na kipande cha haki. Basi mwezi huu, pahali pa kukata neno kwa haraka, tufuate maisha ya dansi moja tangu kuzaliwa kwake mupaka leo. Jina lake ni tango, na kwao ni Argentina, katika Amerika ya Kusini.

Leo watu wa inchi nyingi wanalipa feza nzuri kwa kujifunza tango. Lakini ilitoka pahali ambapo muzazi hangependa mutoto wake apite usiku. Kwa hiyo tutashika ulizo moja tu: ni nini inayopatia dansi heshima? Ni pahali ilipozaliwa, ao ni namna watu wanavyoitumikia na kuishika?

Neno moja mbele ya kuanza. Wale wenye kusikia Lingala wasichanganye. Tukisema «tango ya ba Wendo», tunasema wakati wa Wendo Kolosoy, muimbaji wetu wa zamani. Tango ya Argentina ni neno lingine. Wajuzi hawapatani juu ya asili yake. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1800, karatasi za serikali kule zilitumia neno «tango» kwa kutaja mikutano ya watu weusi ya kucheza ngoma. Na pale njo habari yetu inaanzia.

Ngoma ya watu walioondolewa majina

Kuna mto mupana sana kama bahari, unaitwa Río de la Plata. Upande moja kuna Buenos Aires, muji mukubwa wa Argentina. Upande wa pili kuna Montevideo, muji mukubwa wa Uruguay. Tango ilizaliwa katika miji hii miwili, huku na huku ya mto.

Wakati wa utawala wa Wahispania, meli zilishusha pale watumwa kutoka Afrika. Wengi walipakiwa katika bandari za Luanda na Benguela, na kati yao kulikuwa watu waliokamatwa mbali sana ndani ya bara, hata upande wa ufalme wa Lunda. Kwa hiyo, ndugu musomaji, usifikiri kwamba hii ni habari ya wageni tupu. Mwaka 1778 watu wa Buenos Aires walihesabiwa: karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa weusi ao wenye damu ya Waafrika. Walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, na vyama vile vilichukua majina kama Kongo, Angola na Benguela. Siku za feti walipiga ngoma na kucheza dansi iliyoitwa candombe. Mara nyingi wakubwa wa muji walikuja kuikataza.

Watu wale waliacha neno moja ambalo linaonyesha njia waliyopita. Hata leo, kuna muziki ndugu ya tango inayoitwa milonga, na pahali watu wanakutana kwa kucheza panaitwa vilevile milonga. Wajuzi wengi wanasema neno hilo limetoka katika luga ya Kimbundu ya Angola: mulonga ni neno, na wingi wake ni milonga, maneno. Sawa vile sisi tunasema muti na miti!

Mwaka 1883 mwandishi Ventura Lynch alieleza kwamba vijana wa kando ya Buenos Aires walitunga milonga kwa kuchekelea dansi za watu weusi. Na mwaka 1913 gazeti moja la kule, Crítica, lilichapa ukumbusho wa muzee mumoja: karibu mwaka 1877, weusi wa muji walitunga dansi mupya wakaiita tango, na vijana wale wakaichukua kwenda nayo katika mabare yao. Munaona mambo ya dunia? Walianza kwa kuchekelea, wakamaliza kwa kuishika kuwa yao.

Na wenyewe walioitoa? Vita viliwamaliza wengi, homa ya manjano ya mwaka 1871 iliua maelfu katika muji, wengine walioana na wageni, na wenye kuhesabu watu wakazoea kutowaandika. Mwaka 1887, weusi walihesabiwa chini ya 2 katika kila 100. Lakini alama yao haikufutika yote. Moja ya tango za kwanza zilizoandikwa na zinazopigwa hata leo, «El entrerriano» ya mwaka 1897, ilitungwa na mupiga piano mweusi, Rosendo Mendizábal.

Chumba kimoja, jamaa nzima

Katika miaka ile, meli zingine zilikuwa zinafika zimejaa maskini wa Ulaya: Waitalia kwanza, na Wahispania, kiisha Wayahudi wa Polonia na Urusi, na Wafaransa kidogo. Mwaka 1914, karibu nusu ya watu wa Buenos Aires walikuwa wamezaliwa inchi ingine. Walikaa katika nyumba zilizoitwa conventillo: lupango moja, kiwanja katikati, vyumba vimezunguka, jamaa nzima katika chumba kimoja, na wote wanagombania maji pahali pamoja. Sisi tunaokaa katika miji ya kazi, ambako wazee wetu walikusanyika toka mbali juu ya kutafuta mukate, tunaelewa maisha hayo bila kufasiriwa.

Jioni, kila mutu alitoa kile alichobeba kutoka kwao. Muitalia alitoa violoni na nyimbo za mama yake. Muhispania alitoa gitari. Mutu wa mashamba, aliyefukuzwa na njaa, alitoa mashairi ya wachunga ngombe. Mabaharia walileta habanera kutoka Cuba, ambayo mwendo wake nao uko na damu ya Afrika. Na watu weusi walikuwa wamekwisha kuweka namna ya kuvunja kiuno na ya kusimama gafula katikati ya mwendo. Vyote vikapikwa katika nyungu moja.

Hatutaficha kitu, kwa sababu vijana wetu wanajua kusoma. Wanaume wahamiaji walikuwa wengi sana kuliko wanawake. Feza yao ya juma iliwafuata katika mabare ya kando ya muji na katika nyumba za uzinzi, na pale pia tango ilipigwa. Maneno ya nyimbo za kwanza yalikuwa machafu mara mingi. Lakini si pale tu. Ilipigwa vilevile katika viwanja vya lupango, mbele ya mama na watoto. Na kwa kuwa wanawake walikuwa wachache, wanaume walijifunza hatua wao kwa wao, mwanaume na mwanaume, saa na saa, mbele ya kusubutu kumwita dada mumoja kucheza. Mutu asiyejua hatua alingoja zamu yake.

Chombo kigumu kutoka Ujerumani

Mwanzoni tango ilikuwa ya haraka, na ilipigwa na gitari, violoni na filimbi. Karibu mwaka 1900 chombo kingine kiliingia na kugeuza kila kitu: bandoneo.

Bandoneo ni ndugu ya akordeo. Jina lake lilitoka kwa Heinrich Band, Mujerumani wa muji wa Krefeld, aliyekuwa anauza chombo hicho tangu miaka ya 1840. Inasemwa kwamba kule Ujerumani kilisaidia makanisa maskini ambayo hayakuwa na feza ya kununua ogani. Ile inayotumiwa sana Argentina iko na vifungo 71, na ugumu wake ni huu: kifungo kimoja kinatoa sauti moja ukiifungua, na sauti ingine ukiifinya. Ni kama kujifunza vyombo viwili pamoja. Hakuna mutu anayejua bandoneo kwa juma moja!

Sauti yake ni ya huzuni, kama mutu anayevuta pumzi mbele ya kulia. Kwa sababu yake, filimbi ikaondoka na muziki ikapunguza mwendo. Na muziki ikipunguza mwendo, miguu nayo inageuka. Wachezaji wakaacha kuruka na kujivunja, wakaanza kutembea. Hata leo walimu wa tango wanasema hivi: mutu ajifunze kwanza kutembea. Kiisha piano na kontrabasi zikaingia, na tangu mwaka 1911 bendi za namna ile zikaanza kuitwa «orquesta típica», maana yake orkestra ya kienyeji.

Na wapigaji walikuwa watu gani? Muangalie Francisco Canaro, aliyezaliwa Uruguay mwaka 1888, akakomea katika conventillo za Buenos Aires. Hakuwa na feza ya violoni, akajitengenezea moja na kopo la mafuta. Vijana wetu wanaojenga gitari na mikebe hawatamucheka! Canaro alikuja kuwa mukubwa wa orkestra anayejulikana hata Ulaya. Muangalie tena Paquita Bernardo, binti aliyezaliwa mwaka 1900. Watu walisema bandoneo si kazi ya mwanamuke, maana inapumuzika juu ya magoti. Yeye akajifunza, akaongoza orkestra yake mwenyewe, mwanamuke wa kwanza kupiga bandoneo kama kazi. Alikufa mwaka 1925, akiwa angali kijana sana.

Paris inasifu, askofu anakataza

Jamaa za matajiri wa Buenos Aires hazikutaka kusikia jina la tango. Lakini vijana wao wanaume walikuwa wanashuka kwa siri kuicheza, na walipokwenda kutembea Ufaransa, waliibeba. Katika miaka ya 1911 mupaka 1913, Paris ikashikwa na wazimu wa tango. Kulikuwa chai ya tango, nguo za tango, hata rangi ya tango.

Wakubwa wakashituka. Mwaka 1913 mufalme wa Ujerumani, Wilhelm wa 2, alikataza maofisa wake kucheza tango wakivaa nguo ya kiaskari. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1914, Kardinali Amette, Askofu mukubwa wa Paris, aliikataza waaminifu wake, akiona kwamba ni dansi ya kuamusha tamaa mbaya. Vijana, musicheke. Yeye aliona wazi kitu kilichokuwapo: mwanaume na mwanamuke wameshikana kifua kwa kifua, jambo ambalo wazazi wa wakati ule hawakuzoea.

Lakini angalia sasa jambo la kushangaza. Tango iliporudi Argentina na muhuri wa Paris juu ya paji la uso, matajiri wale wale waliokuwa wanaizarau wakafungua milango ya salo zao. Kumbe kitu chao wenyewe, waliongoja mugeni akisifu kwanza njo wao wakipende! Je, ugonjwa huu tunaujua sisi, ao hatuujui?

Paris iliigeuza tango pia. Migongo ilinyooka, hatua zikapimwa, miguu ikatulia. Walimu wakaandika hatua katika vitabu. Walioijua tangu zamani wakalalamika: «Hii si tango tena!» Shika neno hilo, utalisikia mara mingine.

Wimbo unaingia mudomoni

Mupaka pale tango ilikuwa zaidi ya miguu. Mwaka 1917 Carlos Gardel aliimba «Mi noche triste», maneno ya Pascual Contursi. Ni habari ya mwanaume aliyeachwa na mupenzi wake. Tangu siku ile tango ikapata maneno ya kweli: kufiwa, deni, umaskini, mama anayengoja, lupango la utoto ambalo mutu hataliona tena. Mama ya Gardel, Mufaransa asiye na bwana, alilea mutoto wake kwa kupiga pasi nguo za watu. Sauti ya mutoto yule ilisikiwa kwa diski, redio na sinema katika dunia nzima ya Kihispania.

Hapa kuna habari moja ambayo wazazi wataipenda. Gardel alipokuwa New York kwa kazi ya sinema, alijuana na kijana mumoja Muargentina, Astor Piazzolla, aliyekuwa akipiga bandoneo. Baba yake alikuwa amemununulia ile bandoneo pale New York, katika duka la vitu vya zamani. Gardel alimupatia kijana kazi kidogo katika filme, na kiisha akamwalika kumufuata katika safari ya kuimba. Baba akakataa: mutoto angali na miaka 14. Bila shaka kijana alikasirika, kama ninyi munavyokasirika. Tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1935, ndege ya Gardel iligongana na ingine katika uwanja wa Medellín, Kolombia, na Gardel akafa. Kijana Astor alikuwa nyumbani. Tutamuona tena.

Miaka ya orkestra kubwa

Mwaka ule wa 1935, tango ilikuwa imelegea. Wapigaji walikuwa wameifanya kuwa ya kusikiliza, na wachezaji walikuwa wanabaki vitini. Mwanamuziki Juan D'Arienzo, pamoja na mupiga piano wake Rodolfo Biagi, akarudisha mwendo wa nguvu, na vijana wakasimama. Kwa miaka 20 hivi, Buenos Aires ilicheza kila juma, katika vyama vya mupira, katika viwanja vya kartie, jamaa nzima pamoja, mama amekaa pembeni anachunga binti zake. Kila orkestra ilikuwa na uso wake. Carlos Di Sarli alikuwa na utulivu. Aníbal Troilo, aliyeanza orkestra yake mwaka 1937, alifanya bandoneo iseme kama mutu.

Osvaldo Pugliese alianza orkestra yake mwaka 1939, na aliiongoza kama ushirika: feza iliyoingia iligawanywa kufuatana na kazi ya kila mumoja. Kwa sababu ya mawazo yake ya siasa alifungwa mara mingi. Siku akiwa gerezani, wenzake hawakuacha kazi. Walipiga bila yeye, wakaweka ua jekundu juu ya piano yake. Watu walielewa, bila neno moja kusemwa.

Katika miaka ile, dansi iligeuka tena. Viwanja vilijaa sana mupaka hakuna nafasi ya kutupa muguu, basi watu wakasogea karibu, hatua zikawa ndogo. Na adabu zikakomea, ambazo zinafuatwa hata leo. Wote wanazunguka kiwanja upande moja, kinyume cha mushale wa saa, na asiyechunga mwenzake anaonekana mujinga. Mwanaume hamuvute mwanamuke kwa mukono. Anamuangalia toka mbali na kuinamisha kichwa kidogo. Dada akikubali, naye anainamisha. Akikataa, anageuza macho tu. Hakuna kelele, hakuna haya, hakuna matusi. Nyimbo tatu ao ine zinachezwa na mutu moja, kiisha muziki mufupi ya kukata inapigwa, na mwanaume anamurudisha dada pahali pake. Mukumbuke: hii ni ile dansi iliyotoka katika mabare! Hakuna sheria ya serikali iliyoleta adabu zile. Wachezaji wenyewe waliziweka, kusudi wanaume na wanawake waweze kukutana bila kuumizana.

Giza, na kijana aliyerudi

Mwaka 1955 maaskari waliangusha serikali ya Juan Perón. Mikutano ikaogopwa, vijana wakafuata roki ya Marekani, na orkestra kubwa zikakosa kazi moja moja. Wengi walifikiri tango imekufa.

Pale Piazzolla anarudi katika habari yetu. Alikuwa amepiga katika orkestra ya Troilo tangu mwaka 1939, lakini alipata haya ya tango, akataka kuwa mutungaji wa muziki ya Kizungu ya hali ya juu. Mwaka 1954 alikwenda Paris kusoma kwa mwalimu mukali, Nadia Boulanger. Yeye aliangalia kurasa zake zote, hakuona Piazzolla ndani. Kiisha akamulazimisha apige tango yake moja. Akamuambia: Piazzolla wa kweli ni huyu, usimuache. Mutu alikwenda Ulaya kuficha kwao, na Ulaya ikamurudisha kwao!

Alirudi na muziki mupya, akachanganya tango na jazi na mafundisho ya Bach. Mwaka 1959, baba yake alipokufa, yule aliyekataa safari, alimutungia «Adiós Nonino». Lakini wazee wa tango walimukasirikia sana, wakasema nini? «Hii si tango!» Inasimuliwa kwamba hata wenye taksi walikataa kumubeba. Piazzolla alikufa mwaka 1992, na leo muziki yake inafundishwa katika masomo makubwa ya muziki pahali pengi.

Na dansi? Mwezi wa 11 mwaka 1983, kundi la wachezaji Waargentina, wengi wao wakiwa watu wazima wenye tumbo na mvi, walionyesha mchezo «Tango Argentino» kule Paris. Mwezi uliofuata, utawala wa kiaskari wa Argentina uliisha. Mchezo ule ulifika New York mwaka 1985, na mwaka ule ule muzee Pugliese, yule wa gereza, aliingia kupiga katika Teatro Colón, nyumba kubwa ya muziki ya Buenos Aires. Vijana walirudi kwa wazee kuomba wawafundishe hatua. Wazee wale walikuwa wamezichunga miaka 30.

Mito miwili, ndugu wawili

Mwaka 2009 Unesco iliandika tango kati ya hazina za watu wote wa dunia. Argentina na Uruguay ziliomba pamoja, maana mto haukugawanya muziki yao. Mwaka 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo. Waliomba nani? Kinshasa na Brazzaville, nao pamoja, huku na huku ya mto. Tena hizi ni dansi za jamaa moja: diski za Cuba zilizofika kwetu tangu miaka ya 1930 zilibeba kitu kilichotoka kwetu ndani ya meli za utumwa, sawa vile habanera ya Cuba ilivyofika Buenos Aires.

Na lile katazo la mwaka 1914? Mwaka 1936, katika jamaa ya wahamiaji Waitalia wa Buenos Aires, mutoto alizaliwa, Jorge Mario Bergoglio. Alikuja kuwa Papa Fransisko, yule tuliyemupokea Kinshasa mwaka 2023, na aliyefariki mwaka 2025. Alisema mwenyewe kwamba alipenda tango na kwamba katika ujana wake aliicheza. Tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 2014, siku ya kuzaliwa kwake, watu wengi walikusanyika karibu na uwanja wa Mutakatifu Petro, Roma, wakacheza tango kwa kumufurahisha. Kutoka kardinali aliyekataza mupaka Papa aliyeicheza, ilikuwa miaka 100 barabara.

Basi tuseme nini nyumbani?

Kwa wazazi: Kardinali hakuota ndoto, na ninyi hamuote. Dansi inaweza kubeba uchafu. Lakini musihukumu kwa kuuliza tu inatoka wapi. Muulize: wanashikana namna gani? Binti anaweza kukataa bila kutukanwa? Maneno ya wimbo yanamufanya mutu kuwa mutu, ao kuwa kitu? Na kama munaikataza kama baba ya Astor, mueleze sababu, kusudi siku moja mutoto awatungie wimbo wa shukrani.

Kwa vijana: musiseme «bakubwa balikatazaga, njo tufanye yote». Tango haikupata heshima kwa sababu iligombana na wazee. Iliipata kwa sababu watu walitumika: vifungo 71, miaka ya kujifunza kutembea, wanaume waliongoja zamu, wachezaji waliojiwekea adabu pasipo kulazimishwa. Dansi isiyodai kazi wala heshima, inapita na mwezi wake.

Na kwa sisi wote: watu wa Kongo na Angola walitoa mwanzo wa tango, na karibu majina yao yote yamepotea, kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Katika lupango lako kuna muzee aliyepiga gitari, ngoma ao likembe zamani. Je, jina lake limeandikwa wapi?

Maulizo ya kuzungumuza pamoja jioni

1. Katika nyumba yetu, dansi gani ilikatazwa zamani na leo inachezwa kwa arusi? Nini iligeuka: dansi ao sisi?
2. Katika feti za kartie yetu, dada anaweza kukataa kucheza bila kupata aibu? Tufanye nini kusudi aweze?
3. Ni kitu gani chetu tunachokizarau, tukingoja wageni wakisifu kwanza?
4. Mutoto mumoja achukue kalamu juma hili, aende kwa muzee mumoja anayejua muziki ya zamani, aandike jina lake, nyimbo zake, na mwaka alizozitunga. Karatasi ile muichunge pamoja na karatasi za ubatizo na za arusi.

Mubaki na amani. Tukutane mwezi ujao.